Mstari wa Wadi kwenye Kiwanja cha Rahma

Jumapili, 5 Oktoba

Ramani tu tangu asubuhi. Moja ya nyumba, moja ya bwawa la kuogelea huko Madinat Sultan Qaboos, moja ya mwenye duka anayetaka kujenga kivuli cha magari mbele ya mlango wake. Kivuli nacho kina kibali chake. Maskati hapa hupigi msumari bila ramani.

Kazi yenyewe naijua kama Mama anavyojua kuchagua mchele. Mteja analeta kroki, ile karatasi ya serikali yenye namba za pembe za kiwanja chake. Nafungua ramani ya mtandaoni, naingiza namba, kiwanja kinajichora. Halafu nawasha tabaka moja baada ya jingine: barabara, nyaya za umeme, makaburi, wadi, yaani mkondo wa maji ya mvua. Kama kiwanja hakigusi kitu, natia mshale wa kaskazini, nachapa, inakwenda baladiya, manispaa yetu, pamoja na maombi. Kikigusa, mteja ananuna kama vile wadi nimeichimba mimi.

Na kabla ya yote, ukuta. Kila anayeanza kazi hapa namwambia: kwanza tafuta nyumba ya jirani kwenye picha ya juu, tazama kama mstari wa kiwanja chake unakaa juu ya ukuta wake. Usipokaa, kuna kosa, usiendelee. Wananicheka. Wananiita Mama Ukuta.

Mhandisi Khalfan, mwenye ofisi, leo kasema tena mbele ya watu kwamba ramani ikitoka kwangu yeye hutia saini bila kuitazama. Nilijifanya sikusikia. Nilisikia vizuri sana.

Nimerudi nyumbani, Mama yuko chumbani kwake na simu, anazungumza na mdogo wangu Rahma. Mlango umefungwa. Tangu lini wanafunga mlango?

Jumanne, 7 Oktoba

Sasa najua tangu lini.

Rahma na mumewe Nasser walikuja baada ya magharibi, na watoto wote, na mkate wa kumimina kwenye sinia. Rahma haji na mkate ila ana jambo. Jambo lenyewe: baba yake Nasser kawapa kiwanja Amerat, upande wa pili wa mlima. Cha zamani, alipewa na serikali ujanani, hakukijenga. Wao watajenga. Chini kutakuwa na chumba cha Mama, na choo chake, na mlango wake wa kutokea uani. Bila ngazi.

Mama alisema inshaallah kabla Rahma hajamaliza. Kabla hajamaliza! Nilikuwa nimesimama na chupa ya chai mkononi, nikaendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika, Neema, msichana wa kazi, akaja na kitambaa.

Nilipoachwa, Mama alihamia kwangu. Alipofanyiwa operesheni ya magoti, nilikuwa naomba ruhusa kazini kila asubuhi kumpeleka mazoezi. Neema nimemwajiri kwa ajili yake. Kochi nimelinunua lile la kunyanyuka kwa ajili yake. Rahma anakuja Ijumaa, anakula, anabusu mkono, anaondoka na mabaki kwenye vibakuli vyangu, na vibakuli harudishi. Huyo ndiye aliyeambiwa inshaallah.

Nasser akanigeukia na tabasamu lake la kuomba. "Shemegi, ramani tutengenezee weye. Hatumwamini mtu mwengine."

Nikasema ahlan wa sahlan. Namwonea Rahma wivu. Naliandika hapa kwa kuwa kwa mdomo siwezi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikulala vizuri. Kazini nimemkaripia mtu kwa sababu ya mshale wa kaskazini. Ulikuwa sawa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Chakula cha mchana. Wali, samaki wa kupaka, achari ya ndimu. Rahma kaleta picha za vigae kwenye simu, Mama anachagua. Mama! Mimi nilipobadilisha vigae vya jikoni nilimuuliza, akasema vyovyote, mwanangu, vyote vya kukanyagwa. Leo anataka vya rangi ya maziwa, visiteleze, na pembeni viwe na ua.

Watoto wamemlalia mapajani, magoti yale yale mabovu, wala hakusema ah.

Walipoondoka Neema alikuwa anakunja busati. Akanitazama, akasema, "Mama leo kachangamka, dada. Sijawahi kumsikia akicheka hivi." Neema ni mtu wa Tanga, hana hila. Ndiyo maana iliingia mpaka kwenye mfupa.

Rahma tangu mdogo hivyo hivyo. Akilia kidogo, anapewa. Mimi nilikuwa mkubwa, wa kuelewa. Nina miaka yote hii na bado naambiwa ninaelewa. Sielewi chochote.

Jumatatu, 13 Oktoba

Naandika kama ilivyokuwa.

Kroki ya Nasser ilikuwa mezani tangu Jumapili. Sikuigusa. Leo baada ya adhuhuri nikasema haya, tuimalize. Karatasi imekunjwa mpaka mikunjo imekuwa myeupe. Nikaingiza namba za pembe, kiwanja kikajichora. Nikawasha tabaka la wadi.

Kiwanja kizima kiko ndani ya mstari.

Si pembeni, si kugusa kidogo. Ndani kabisa, pale maji yanapopita mvua ikinyesha milimani. Hapo baladiya haitoi kibali hata ukiwapelekea mbuzi. Nyumba ikijengwa hapo, chumba cha Mama cha chini ndicho kitakachojaa mwanzo.

Moyo wangu uliruka. Si kwa hofu. Ulifurahi. Nilikaa na furaha ile nikiitazama kwenye kioo cha kompyuta, mstari wa buluu na ndani yake kisanduku chekundu cha Rahma. Nikachapa nakala ya rangi. Sikuhitaji ya rangi.

Mhandisi Khalfan alipita nyuma yangu, akaona, akasema pole kwa dada yako. Nikasema ndiyo hivyo, amri ya Mungu. Uso niliutia huzuni. Sikujua naweza.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimewapelekea mwenyewe Ghubra, nyumbani kwao, fleti yao ile yenye viatu vya watoto mpaka kwenye ngazi. Ningeweza kutuma kwa simu. Nilitaka kuwaona.

Nasser aliigeuza karatasi huku na huku. Aliuliza kama naweza kufanya lolote. Nikamwambia wadi haina wasta, haijali unamjua nani. Rahma alilia, akajifuta kwa ncha ya shela, akasema alhamdulillah tumejua mapema, ingekuwaje tungejenga na Mama yumo ndani. Kisha akanishukuru. Akanishika mkono akanishukuru.

Nyumbani nilimwambia Mama taratibu, kama daktari. Aliuliza swali moja tu, kama nina yakini. Nikasema Mama, hii ndiyo kazi yangu.

Akasema, "Bas. Riziki haikuwako." Akaenda kusali.

Ijumaa, 17 Oktoba

Rahma hakuja. Watoto wana mafua, kasema. Tumekula watatu, mimi na Mama na Neema. Nilipika mwenyewe biriani, nikakatia kachumbari ndogo ndogo kama anavyopenda. Kala vijiko vichache. Nikampeleka Mutrah jioni, tukakaa garini mkabala na Bandari ya Sultan Qaboos kutazama ile meli kubwa ya watalii. Nikamnunulia aiskrimu. Iliyeyuka mkononi mwake, akaniomba kitambaa.

Nimempata Mama wangu. Ndivyo nilivyojiambia njia nzima ya kurudi. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo.

Jumapili, 19 Oktoba

Neema ananiambia Mama anashinda mchana bila kuwasha televisheni. Nikamjibu ni joto. Joto limeshapungua, kila mtu anajua.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nasser kanipigia. Ndugu yake mkubwa, yule mwenye magari ya kukodisha, kasema atakichukua kile kiwanja hivyo hivyo na wadi yake, aegeshe magari mabovu, naye ampe Nasser fleti yake ya Barka. Barka! Nje kabisa ya mji, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Lakini ina vyumba, na watoto wanakua. Alhamisi asubuhi wanakwenda wizarani kuandikishana.

Kwa hiyo Mama habanduki. Hakwei ghorofa ya tatu na magoti yale.

Nilikata simu nikajiimbia kidogo jikoni. Neema akauliza kuna heri gani. Nikasema hakuna.

Jumanne, 21 Oktoba

Ya Rabbi.

Leo kaja mzee mmoja na maombi ya kuongeza chumba. Nyumba yake iko Amerat, mtaa ule ule. Kroki yake ya zamani, karatasi ile ile iliyochoka. Nikaingiza namba, na kwa kuwa huyu si ndugu yangu, nikafanya ninavyofanya kwa kila mtu: nikatazama ukuta.

Kiwanja cha mzee kilikuwa kimejichora katikati ya wadi. Ukuta wake wa kweli, mweupe, na mti wake wa ndimu, uko kule juu, mbali na mstari.

Nilijua mara moja. Kroki za miaka ile namba zake zilipimwa kwa mfumo wa zamani, na ramani ya mtandaoni inafuata mfumo mpya. Kuna kidirisha kidogo juu, unachagua wa zamani au mpya kabla ya kuingiza namba. Usipochagua, kiwanja kinahama na kwenda kulala mahali pa mwenziwe. Kosa la mtoto wa wiki ya kwanza. Ndilo hasa ninalowafundisha, ndiyo sababu ya ukuta, ndiyo sababu ya kuitwa Mama Ukuta.

Nikabadilisha, kiwanja cha mzee kikarudi juu ya ukuta wake. Nikafungua faili la Rahma. Nikabadilisha na huko.

Kiwanja kikapanda juu, kikatoka kwenye mstari, kikakaa kwenye ardhi kavu kando ya barabara. Safi. Hakigusi wadi, hakigusi waya, hakigusi kaburi. Karibu na msikiti. Kiwanja kizuri kupita vingi nilivyoviona mwaka huu.

Nikalifunga faili. Sikumwambia mtu.

Jumatano, 22 Oktoba

Kesho wanaandikishana.

Nimejipa sababu zote. Kwamba fleti ya Barka si mbaya. Kwamba Amerat ni mbali na hospitali ya Mama. Kwamba hakuna atakayejua, Mhandisi Khalfan hatazami, na ndugu yake Nasser hataomba kibali cha kuegesha vyuma vibovu. Kwamba sikukusudia. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonitesa. Sikukusudia, lakini kwa nini sikutazama ukuta? Kila siku natazama. Kwa mwenye duka na kivuli chake nimetazama. Kwa dada yangu nimeona ninachokitaka na nikakiamini palepale.

Wahenga wamesema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nimelichuma, na wa kwangu wanakula peke yao, na mimi nimewaandalia sahani.

Nilimtazama Mama akila chakula cha jioni. Alikuwa anakichezea kipande cha samaki, anakitoa miba ambayo haimo.

Namchukia Rahma kidogo hata sasa. Naandika hilo pia.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nilikwenda Ghubra kabla ya kazi. Nasser alikuwa keshavaa dishdasha na kilemba, ameshika bahasha, anatafuta funguo za gari. Rahma anafunga vifungo vya mtoto wa shule. Nikatoa kompyuta nikaiweka juu ya meza ya chakula, katikati ya vikombe, nikawaonyesha. Hivi nilivyofanya, hivi ndivyo ilivyotakiwa. Kiwanja chini, kiwanja juu. Nasser alisema subhanallah, akakaa kwenye kiti na bahasha yake. Halafu akacheka, maskini, akaanza kumpigia nduguye simu pale pale.

Rahma hakucheka. Alimtoa mtoto nje kwa dereva wa basi la shule, akarudi, akafunga mlango. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama tulipokuwa wadogo nikimwambia vidani vyake vimepotea.

"Da Zuwena. Ulikosea au ulitaka?"

"Nlikosea kwa sababu nlitaka," nikamwambia.

Nilitarajia atalia, ndilo analojua. Hakulia. Alisema nimemfanya amwombe Mungu msamaha kwa kutaka kumchukua Mama, alidhani ile wadi ni jibu. Akasema wiki hii yote alikuwa akiona haya kuja kwangu, haya yeye. Kisha akasema nimechelewa kazini, niende.

Hakunitolea hata chai. Nyumba ya Kizanzibari, mtu ameingia asubuhi, hakutolewa chai. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake, na ilitosha.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimemwambia Mama mwenyewe, asije akaambiwa. Alikuwa anamenya kitunguu thomu jikoni, Neema kaenda kanisani Ghala, hapa ibada yao ni Ijumaa. Nilimwambia yote, kidirisha, ukuta, mpaka ile furaha. Sikumtazama. Nilikuwa natazama maganda.

Aliendelea kumenya mpaka akamaliza kichwa kizima. Akasema wivu huu nilikuwa nao tangu Rahma amezaliwa, eti nilimwambia mkunga amrudishe alikomtoa. Sikumbuki. Basi nikamuuliza nililokuwa sijaliuliza. Kwa nini inshaallah ilimtoka upesi vile? Kimekosekana nini kwangu?

"Hakijakosekana kitu," akasema. "Kwako nnaangaliwa, mwanangu. Dawa kwa saa yake, kochi linaninyanyua, Neema ananivisha viatu. Kwa Rahma kuna watoto hawajachanwa nywele, kuna sufuria limeungua. Nataka na miye niangalie mtu."

Nikasema, na mimi je? Nani ananiangalia mimi?

Akasema, "Weye hujapatapo kuniachia nafasi."

Hakulisema kwa ukali. Niliosha kisu na kibao, nikaenda chumbani.

Jumapili, 26 Oktoba

Nilimweleza Mhandisi Khalfan kwamba ramani ya Amerat ilikuwa na kosa langu. Sikumweleza la wivu, hilo halimhusu. Akasema binadamu hukosea. Kisha akaichukua ile mpya, akavaa miwani, akaitazama pembe kwa pembe, akataka aone na ukuta. Akatia saini. Akachukua na nyingine zilizokuwa chini yake, za wateja wengine, akaanza kuzitazama nazo.

Yuko katika haki. Imeniuma kuliko nilivyodhani.

Jumanne, 4 Novemba

Maombi yamekwenda baladiya. Rahma hajibu jumbe zangu ila kwa kidole gumba.

Mama ameomba amfundishe Neema kushona kofia. Nilitaka kusema macho yako, Mama. Nikawawashia taa kubwa. Wamekaa sebuleni na sindano, wanapigana vijembe. Nilipokuja na kichwa kinaniuma nikamwambia Mama, badala ya kwenda kumeza kidonge kimya kimya. Alinipaka mafuta ya mkaratusi kwenye paji la uso na kunifokea kwa kutokula mchana. Alinifokea kwa muda mrefu. Nililala sebuleni pale pale.

Ijumaa, 7 Novemba

Rahma kaja. Hakuleta mkate. Kaleta vibakuli vyangu vyote, vimeoshwa, vimo ndani ya mfuko wa dukani. Sijui kama ni suluhu au ni kukata deni. Alikula. Watoto wamemwaga juisi kwenye kochi la kunyanyuka, hakuna aliyeomba radhi, nami nikaleta kitambaa.

Bado nikimwona Mama akimchana yule mdogo nywele, kitu kinanipanda hapa. Kinapanda, kinashuka. Hakijaondoka.

Alhamisi, 13 Novemba

Kibali kimetoka.

Jumamosi, 15 Novemba

Siku tulivu. Upepo wa baridi kidogo, tumefungua madirisha. Neema kaenda Ruwi kununua vitenge.

Mama kaniomba nimwonyeshe kiwanja, ile ramani, si kwa karatasi, kwa ile ya kioo inayosogea. Nikakaa ubavuni pake na kompyuta mapajani. Nikamwonyesha barabara, msikiti, pale kitakapokuwa chumba chake, mlango wa uani utakaoelekea kaskazini ili jua lisimchome. Alitia kidole, kioo kikapata alama ya mafuta. Akauliza kwetu hapa ni wapi. Nikaisogeza ramani mpaka Khuwair ya Kusini, nikaweka alama juu ya jengo letu, nyingine nikaiacha Amerat.

Katikati ulikuwepo mlima wote, mweusi, umekunjamana, na ile barabara inayoupanda kwa kuzunguka. Mama aliutazama. Akakitoa kidole kwenye kioo.

Nikaizima picha ya juu. Mlima ukaondoka, ikabaki karatasi nyeupe na mistari. Nikaipunguza ramani, nikaipunguza tena, zile alama mbili zikawa zinasogeleana mpaka zikakaribia kugusana.

"Kumbe si mbali," akasema Mama.

Nikamwambia si mbali.